Aliyepakwa Ndiye Alipaye

— Hadithi ipo mlangoni!
— Ifungulie!
— Imeoga, lakini hainukii.
— Na iingie hivyo hivyo!

Basi palikuwa na Fisi, mwenye duka la zabadi. Zabadi ni mafuta ya kunukia yatokayo kwa Ngawa, na Fisi alimtisha Ngawa mpaka akayatoa yote, yakajaa kibuyu. Kila asubuhi Fisi alitangaza sharti lake: "Kunusa bure! Anayepakwa alipe paja!"

Chui alileta paja la nyama, akapakwa tone, akaondoka akinukia. Mbweha alileta paja, akapakwa tone, akaondoka akinukia. Na Panya? Panya hakuwa na paja ila mapaja yake mwenyewe, nayo hayashibishi mtu. Alikuwa mama wa watoto wengi, ananuka moshi, maziwa na mikojo ya vitoto.

Akienda kutafuta punje, tiki tiki tiki, alisimama dukani. Fwi, fwi, fwi. Akafumba macho. Akirudi na punje, tiki tiki tiki, alisimama tena. Fwi, fwi, fwi. Hakutaka kibuyu kizima. Alitaka siku moja tu ajinuse mwenyewe asikute moshi.

"Shoga," Nyani akamtania kutoka juu ya paa la duka, alikoshinda kutwa, "kunusa unanusa, kununua hununui. Mwisho utanuna!"

Panya akaenda zake, tiki tiki tiki. Siku moja akamkuta Fisi analalamika kwamba wateja wamepungua.

"Bwana Fisi, nikikwambia ukweli hutanila?"

"Sema. Nimeshiba."

"Wateja wakija kunusa, wanakunusa wewe kwanza. Zabadi inafika baadaye, imeshachoka."

Nyani akacheka mpaka akashika tumbo.

"Ungenukia mwenyewe," Panya akaendelea, "wangekuletea mbuzi mzima."

Fisi akasikia mbuzi mzima. Mengine hakuyasikia.

"Nipake! Nipake yote!"

"Nitakupaka, bwana. Ila viganja vyangu ndivyo hivi, na mgongo wako ndio huo. Itabidi nikupake kwa mwili."

"Paka kwa chochote!"

Fisi akajimiminia kibuyu mgongoni, gudu gudu gudu. Panya akaruka juu. Akapaka shingo, bingiri, bingiri. Akapaka mabega, bingiri, bingiri. Akabingirika kwa mgongo, akabingirika kwa tumbo, akarudi tena shingoni.

"Bado?" Fisi akauliza.

"Kidogo tu, bwana. Hapa hapajakolea."

Alipotelemka, Fisi akageuka. Fwi!

"Wewe! Mbona unanukia? Lipa paja!"

"Sharti lako linasemaje, bwana?"

"Anayepakwa alipe!"

"Nyani, wewe umetazama tangu mwanzo. Nani kapakwa hapa?"

"Kapakwa Fisi."

"Na mimi?"

"Wewe umepaka tu, shoga. Umefanya kazi."

Fisi akafikiri. Sharti ni lake, amelitangaza kwa mdomo wake kila asubuhi. Akachomoa paja kwenye rundo lake, akajilipa, akalitafuna huku analia. Mpaka leo anajua kaibiwa, ila hajui na nani.

Panya akakimbia nyumbani, tiki tiki tiki, akaingiza kichwa shimoni. Watoto wakanusa. Fwi, fwi, fwi.

"Toka! Wewe si mama!"

"Ni mimi, jamani."

"Mama ananuka moshi! Toka, mama akirudi atakuuma!"

Panya akarudi nyuma. Jivu la jikoni lilikuwa pale pale karibu. Angegaagaa mara moja tu, watoto wangemjua, wangenyonya, wangelala. Akalitazama lile jivu. Kisha akaketi nje ya shimo, mkia ameuzungushia miguu, pua ameiweka juu ya bega lake, akawasikia wakimwita mama yao. Atangoja harufu ipungue, akasema.

Haikupungua haraka. Naye hakuiharakisha.

Funzo ni hili: mama mwenye watoto aridhike na moshi wake, maana moshi hauuzwi na hakuna mtoto anayeukimbia. Akipita kwenye duka la zabadi asisimame. Aende zake nyumbani. Polepole, lakini aende.

Hadithi yangu inatoka kwa mlango ule ule ilioingilia. Anayeitaka aifuate. Asiyeitaka afunge mlango, baridi inaingia.