Neno Moja la Bwana Kitojo

Hapo zamani, ila si zamani ya kusahaulika, palikuwa na mji wa Mtandura, wenye ukuta mrefu na lango moja tu. Kila mavuno wanyang'anyi waliuvamia, wakaua, wakachoma ghala.

Ndipo fundi Nyamizi akaunda Jicho. Jamani, Jicho! Mtambo wa vioo na waya juu ya mnara, unaoona nyigu akipepea vilima vitatu mbele, unaofunga lango wenyewe kabla hujamaliza kupiga chafya. Nasimulia tu, na nywele zinanisimama.

Lakini Baraza la Malkia Mwanaesha likalikataa. Kampuni ya Nyamizi ikamtuma Bwana Kitojo akawashawishi wajumbe. Miaka mitatu hakukosa msiba wa mjumbe hata mmoja. Alichota maji, akabeba jeneza, akalia kuliko wafiwa. Wajumbe wakalainika, wakaandika sheria: "Jicho lifunge lango mbele ya adui."

"Waheshimiwa," akasema Kitojo, "adui hana alama usoni. Andikeni mgeni. Sura isiyomo kwenye daftari la wenyeji, lango lifungwe."

Wakaandika mgeni. Nyamizi alisikia, akaguna, akarudi kwenye waya zake.

Asubuhi moja ya mavuno akaja Mwanakombo, binti pekee wa Malkia, aliyeolewa ng'ambo ya mto. Alikuja kujifungua mtoto wa kwanza kwa mama yake, kama ilivyo desturi, na uchungu ulishamshika. Kumbe alipoolewa, jina na sura yake vilifutwa daftarini. Lango likajifunga, pu! Nyuma yake walikuja wavunaji mia mbili wakiimba, na chini ya kanga zao mapanga: ndio wale wanyang'anyi.

"Hodi, mama! Hodi!" akaita Mwanakombo. Jicho halijui hodi.

Bawabu Shomvi akakata waya, akafungua upenyo, akamvuta ndani, akalirudisha lango kwa mgongo, mkono wa mnyang'anyi wa kwanza ukiwa umeshaingia. Mji ukapona. Mtoto akazaliwa kibandani kwa bawabu.

Malkia akatoa upanga wa babu yake. "Ni wa aliyetuokoa. Na atakayeushika ndiye atakayeiandika upya sheria ya Jicho."

"Bila mimi hakuna Jicho," akasema Nyamizi.

"Bila mimi lingeoza karakanani," akasema Kitojo. "Na kwa neno adui, wale wavunaji wangepita wakiimba. Mgeni ndilo lililowazuia."

"Ndilo lililomfungia mwanao nje, Malkia," akasema Shomvi. "Mimi mama yangu alinifundisha kwamba mgeni hufunguliwa."

"Ukauweka mji mzima rehani!" akafoka Kitojo.

Malkia akampakata mjukuu, akatoka naye uani. Mtoto akapiga chafya. Kule mnarani Jicho, ambalo Nyamizi alishaliunga waya, likageuka polepole, likamtazama. Sura isiyomo daftarini. Lango likajifunga, pu!

Malkia bado amesimama pale, mkono mmoja na mtoto, mkono mmoja na upanga. Haya, ninyi mlionisikiliza: ampe nani?