Baiskeli ya Majini ya Nyamwiza

Nyamwiza, fundi baiskeli, alifunga madumu manne na kafi kwenye baiskeli kuukuu, akavuka ghuba akipiga pedali na kucheka peke yake. Alipofika ufuko wa tajiri Masumbuko, tajiri akaing'ang'ania.

"Chochote kinachogusa ufuko wa mtu ni mali yake!" akanguruma.

"Hata kwetu ng'ambo, mzee?"

"Popote!"

"Basi panda. Ngoja nikukazie usukani, umelegea."

Akaukaza kwelikweli. Masumbuko akaondoka, kanzu ikipepea, akipiga mbinja kama bwana harusi. Alipotaka kugeuza, usukani uligoma. Akaenda moja kwa moja mpaka ng'ambo, akakwama mchangani miguuni pa mama yake Nyamwiza, aliyekuwa akimenya mihogo.

"Karibu, Bwana Masumbuko. Sheria yako tumeisikia mpaka huku," mama akasema, akimpa kisu. "Baiskeli iache hapo. Wewe anza kumenya, mali yangu haikai bure."