Mpishi Aliyeogopa Sufuria Yake

Wanangu, hebu njooni nami jikoni kidogo. Palikuwa na mama mmoja, mpishi wa shughuli, pilau yake inafuatwa mpaka na watu wa mitaa ya mbali. Mwaka mmoja, bila kisa, hofu ikamwingia kwamba wali utatoka mbichi. Sufuria imepaliwa makaa juu ya mfuniko, yeye anayakung'uta, anafunua, anachungulia, anafunika. Hajakaa sawasawa, kafunua tena. Na wali wa kufunuliwafunuliwa hutokaje? Mvuke umekimbia wote, punje zimebaki na kiini. Basi akazidi kuogopa.

Moyo ukawa unampiga kama mtu anayefukuzwa. Chakula hakipiti. Usingizi hauji, wiki baada ya wiki. Akaanza kukataa shughuli za watu, anasingizia mgongo. Waliomwona walimwambia asali. Na kusali alikuwa anasali, sijda zake ndefu kuliko zangu na zenu.

Ikafika harusi ya binti yake mwenyewe. Mchele umeshaoshwa, maji yanachemka, mpishi haonekani. Wifi yake akamkuta stoo, kajikunja nyuma ya magunia, mwiko mkononi, anatweta, akidhani ndiyo anakata roho.

"Wifi, mbona hukusema?"

"Nilikuambia siku ile ya kisomo cha khitma. Ukanicheka, ukauliza tangu lini mtu mzima akaogopa sufuria."

Wifi akamwinua. Akamtoa ule mwiko mkononi, akampa jirani mmoja aliyekuja kusaidia, akamfunga mpishi mtandio vizuri, akamwambia waende zahanati.

"Na wali?"

"Wali atapika yeyote. Mama wa bibi harusi nitampata wapi mwingine?"

Zahanati wakampima, moyo mzima. Daktari akamwambia hofu ikizidi namna hiyo ni maradhi, na yana tiba, awe anakuja kila wiki. Hakupona siku ile. Lakini alirudi kabla bwana harusi hajafika.

Sasa niambieni, nani alimchelewesha kupata tiba? Shetani? Hapana, wanangu. Ni sisi tuliocheka. Hofu ya kabla ya shughuli kila mtu anayo, shughuli ikiisha nayo huondoka. Ila ikikunyima usingizi na chakula wiki nenda wiki rudi, ikakutoa kwenye kazi yako, usikae nayo, nenda ukaonwe. Na ukiona hata kuishi hutaki, usingoje kesho. Nawe unayeambiwa na mwenzako kwamba anaogopa, mwambie asali, ndiyo. Kisha vaa viatu umpeleke.