Fagio Lililotumwa Bila Jina

Wewe unayetikisa kichwa hapo, umewahi kubonyeza kitu usichokielewa kwa sababu tu watu walikuwa wanakutazama? Basi nyamaza usikilize.

Hapo zamani, zamani ya mwaka juzi, chuo kimoja cha nyanda za juu kilikuwa na seva mbili: kuukuu iliyojaa takataka, na mpya iliyotunza kazi za watafiti. Ndani ya hiyo mpya mlikuwa na sauti za bibi ishirini wakiimba nyimbo za kubembeleza watoto. Mtafiti mmoja, Tulibako, aliwarekodi kwa miaka saba. Kumi na mmoja wameshakufa.

Kidawa, fundi wa programu chuoni hapo, akatunga programu ya kufuta mafaili, akaiita Fagio. Akaiweka kwenye folda ya pamoja, inayofikiwa na kila kompyuta ya chuo. Raha yake, huinuki kitini: unaandika amri, unataja jina la seva, Fagio linakwenda kufagia huko huko. Usipotaja jina, linafagia hapo ulipokaa.

Chiduo, mlinzi wa mtandao, akaifungua folda hiyo kwa wote.

Jumatatu moja, seva mpya ikakutwa nyeupe, haina hata faili moja.

“Virusi,” akasema Bwana Mahundi, mkuu wa kitengo, mwenye shahada tatu ukutani. “Virusi vya kisasa.”

Tulibako hakulia. “Sitaki mtu afukuzwe. Nataka mmoja wenu aende kwa bibi tisa waliobaki, apige magoti, awaombe waimbe upya.”

“Aende Kidawa,” akasema Chiduo. “Fagio lake halimuulizi mtu kama ana hakika.”

“Bosi alisema maswali yanamchosha,” akajibu Kidawa. “ Aende Chiduo, aliyeacha mlango wazi.”

“Niliufunga. Bosi akanipigia asubuhi tano mfululizo, kasahau nywila, nikaufungua. Halafu wewe, dada Tulibako, nilikwambia uweke nakala, mara mbili.”

“Nikamuuliza Bwana Mahundi. Akaniambia seva ni jabali, nisimtie aibu.”

Wote wakamgeukia.

“Virusi,” akarudia, kwa sauti ndogo.

“Kumbukumbu za mtandao zinaonyesha amri iliandikwa Ijumaa saa nne,” akasema Chiduo, “kwenye kiti cha seva mpya yenyewe.”

“Saa nne tulikuwa na wageni,” akasema Kidawa, akitazama dari. “Chumba cha seva mpya ndicho chenye kiyoyozi.”

Bwana Mahundi akavua miwani. “Ni mimi. Walisimama nyuma yangu, nikataka waone ninavyofagia seva kuukuu kutoka mbali. Wakapiga makofi. Na sikusahau kutaja jina la seva. Sikujua kwamba linatajwa.”

Kisha Kidawa akasema, taratibu:

“Sisi tulijua kwamba hujui, mzee. Tulikuwa mlangoni, mimi na Chiduo. Tuliona hukuandika jina. Tukanyamaza, tukitaka uumbuke mbele ya wageni.”

Haya, niambieni. Gari la kwenda kwa bibi tisa lina nafasi ya mtu mmoja. Je, nani aende akabishe hodi?