Kware Ahesabu Ukoo Wake

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo mbweha alibisha hodi na mwewe alikuwa na mashemeji, Mama Kware alijenga kando ya ziwa la magadi. Upande mmoja wa nyumba yake palikuwa na nyasi kavu za rangi ya udongo. Upande wa pili palikuwa na magadi matupu, meupe pe, ya kuumiza macho.

Mwaka huo alitotoa watoto wanane. Wapo wanaosimulia kwamba walikuwa sita. Si kweli, walikuwa wanane. Saba walikuwa na rangi ya nyasi kavu, na michirizi myeusi mgongoni. Wa nane alitoka mweupe kama unga wa muhogo, akaitwa Cheupe.

Wale saba wakilala nyasini, hata mama yao hakuwaona mpaka awaite. Cheupe akilala nyasini, alionekana toka ng'ambo ya ziwa.

Asubuhi moja Mama Kware alisikia kitu kikikanyaga majani. Kra! Kra! Akatazama juu, akaona mabawa yanazunguka.

"Kwirr!" akalia mara moja.

Watoto saba, tii! Wakalala, wakaganda. Cheupe akaingia chini ya ubawa wa mama yake.

Puu! Mbweha akaruka, akaukanyaga mkia wa Mama Kware. Vuuu! Mwewe akatua juu ya kichuguu. Wawili hao walikuwa wamefanya ushirika wa kuwinda, mmoja alete macho na mwingine alete meno.

"Hodi," akasema Mbweha.

"Unabisha hodi umekwisha kunikanyaga, shemeji?"

"Adabu ni adabu. Watoto wako wapi?"

"Walikuwa hapa hapa."

Mwewe akageuza kichwa huku, akageuza kule. Hatua mbili tu toka kwenye kucha zake walilala watoto watatu.

"Sioni kitu," akasema. "Na mimi namwona panya akijikuna sikio kule mlimani! Basi tumle mama kwanza."

Mama Kware angeweza kujichomoa. Mkia ungeng'oka, naye angeruka. Lakini Cheupe angebaki peke yake nyasini, mweupe vile, mbele ya Mwewe. Kwa hiyo hakujichomoa.

"Sawa, mabwana, nileni. Lakini ukoo wangu mmeusikia?"

Mbweha akaguna. Mwewe akakunja uso. Walikuwa wamesahau.

Katika nchi hiyo, hakuna aliyemla mwenzake kabla ya kusikia ukoo wake, asije akala jamaa. Na kila marehemu alipotajwa, wasikilizaji waliinamisha vichwa na kufumba macho mpaka msimulizi aseme, "Apumzike." Aliyevunja desturi hiyo, manyoya yote yalimdondoka, akabaki uchi kama kidole.

"Hesabu upesi," akasema Mbweha. "Nina njaa."

"Ahsante, shemeji. Naanza na shangazi yangu, marehemu Siti Magadi."

Wakafumba macho, wote wawili.

"Shangazi huyu alizaliwa mweupe. Wenzake wakasema hafiki jioni. Akafika, tena akazeeka. Kila wakubwa walipofumba macho, alikimbia kuelekea kwenye magadi. Walipofumbua, aliganda nyuma ya chochote kilicho karibu. Alipofika kwenye weupe, akalala, akawa kama hayupo."

Chini ya ubawa, Cheupe alisikia kila neno. Akachungulia. Macho ya wakubwa yamefumbwa. Tiki-tiki-tiki! Akakimbia hadi nyuma ya shina la majani.

"Apumzike," akasema Mama Kware.

Wakafumbua macho.

"Hadithi fupi," akasema Mwewe. "Nani mwingine?"

"Marehemu Bibi Mzaa Kumi. Watoto wake walikuwa wa rangi tatu. Wanne weusi, watatu wekundu, watatu kama nyasi kavu. Babu yako, Bwana Mwewe, akawaona weusi toka angani. Akawala."

"Babu alikuwa na macho!" akasema Mwewe, yake yamefumbwa.

"Alikuwa nayo. Na babu yako, shemeji Mbweha, akawaona wekundu. Waliobaki ni wa rangi ya nyasi, nao ndio waliokua, wakaoana, wakatotoa watoto wanaofanana nao. Mara kwa mara akatoka mweusi, mkamla. Akatoka mwekundu, mkamla. Hivyo hivyo, mwaka kwa mwaka."

Tiki-tiki-tiki! Cheupe akafika kwenye jiwe.

"Kumbe rangi hii mmepakwa na sisi!" akasema Mbweha, akacheka kwi-kwi-kwi.

"Ni ninyi, bwana. Hakuna kware aliyejipaka mwenyewe. Nawashukuru. Lakini nawashukuru zaidi walioliwa. Apumzike Bibi Mzaa Kumi."

Akaendelea. Akamtaja Mjomba Kishindo, aliyetimua mbio alipoambiwa alale. Akamtaja dada yake Mwanamkasi, aliyeliwa alfajiri moja ya baridi. Huyo alimtaja polepole, na hakuwa anajifanya. Kila jina, macho yalifumbwa. Kila macho yalipofumbwa, Cheupe alisogea. Sasa zilibaki hatua chache za mahali pa wazi, pasipo jiwe wala jani.

"Marehemu Babu Kidari…"

Tiki-tiki-tiki!

Mwewe akafumbua jicho moja. "Kuna kitu kimepita!"

"Wee!" Mbweha akafoka, macho yake yamefumbwa kabisa. "Umefumbua macho marehemu anatajwa? Unataka tubaki uchi? Huna malezi!"

"Nimesikia…"

"Fumba!"

Unyoya mmoja ukamdondoka Mwewe, akafumba upesi, kwa aibu. Mama Kware aliposema, "Apumzike," alifumbua, akatazama kule kote. Aliona magadi tu, meupe, kimya.

Moyo wa Mama Kware ulikuwa unapiga du-du-du. Cheupe amefika. Sasa ilibaki shingo yake mwenyewe.

"Namalizia na mkubwa wetu," akasema. "Marehemu Babu Miguu Miwili." Huyo, wanangu, ni katika wale ambao shuleni mnawaita dinosau. "Alikuwa mjusi mkubwa kuliko nyati. Meno kama ya mamba. Lakini alivaa manyoya mwili mzima."

"Aliruka?" akauliza Mbweha.

"Hakuruka hata kimo cha goti."

"Sasa manyoya ya nini?"

"Ya kuzuia baridi. Na ya kumpendeza mchumba. Kuruka kulikuja kwa wajukuu wake, wale wadogo wadogo waliobaki wakubwa walipokwisha. Apumzike."

Mwewe alikuwa amesimama wima, kifua mbele. Hakuna aliyependa ukoo kama yeye. "Babu Miguu Miwili! Mama alinitajia jina hilo kabla sijaota manyoya. Huyo ni wetu! Ndiye aliyetuanzisha sisi…"

Akamgeukia Mama Kware. Mdomo ukabaki wazi.

"Shikamoo, kaka," akasema Mama Kware kwa upole.

"Marahaba," akajibu Mwewe, kabla hajafikiri.

"Marahaba ya nini?" Mbweha akang'aka. "Wewe ni ndugu yake, mimi siye! Mimi sina manyoya ya mjusi. Ninamla!"

"Umle ndugu yangu mbele yangu, nami nimekwisha kumwitikia? Nidondoke manyoya kwa ajili ya tumbo lako? Nitarukaje?"

"Utatembea!"

"Rudia!"

"Utatembea, kuku wewe!"

Pa! Mwewe akampiga ubawa wa pua. Mbweha akainua mguu uliokanyaga mkia, ili alipize.

Purrr! Mama Kware huyo, hewani.

Wakubwa wakafukuzana mpaka nyuma ya kilima, wakitukanana ukoo kwa ukoo. Ushirika wao ulikufa siku hiyo.

Mama Kware akawaita wanawe. Nyasi zikasimama, zikawa watoto saba. Magadi yakasimama, yakawa Cheupe.

"Mama," akasema Cheupe, "sikuwahi kumwona shangazi Siti Magadi."

"Hata mimi sikumwona. Nilisimuliwa na mama, naye alisimuliwa na mama yake. Mshukuru, mwanangu. Leo amekulea."

Cheupe akajenga kwenye magadi, akatotoa huko, na wanawe weupe wakaishi.

Hapo ndipo naliweka neno langu chini, nanyi mliokote: anayewakumbuka kwa shukrani waliomtangulia, hupata kwao njia ya kuishi.