Sultani wa Mchanga Wote

Palikuwa na sultani aliyejitwalia mchanga wote wa nchi yake, kuanzia ule wa ufukweni hadi ule uliobaki ndani ya makubadhi ya watu. Msicheke bado, ngojeni niwaeleze ilikuwaje.

Sultani huyo, Shekue wa Mbwajuni, alikuwa mgonjwa wa ramli. Hali, haogi, hajikuni kichwa mpaka apigiwe ramli kwanza. Siku moja akamwuliza Maalimu Faki, mwanachuoni wa baraza lake, "Hili neno ramli, asili yake nini?"

"Limetoka kwenye Kiarabu, Bwana. Maana yake mchanga. Waaguzi wa zamani walichora alama zao mchangani, wakasoma humo mambo yajayo. Basi jina la mchanga likaganda kwenye kazi yenyewe."

Mtu mwingine angeshukuru, akanywa kahawa yake. Shekue akajishika kichwa. "Kumbe anayejua ni mchanga," akasema, "na mimi miaka yote namsifu mwaguzi." Maalimu akafungua mdomo amsahihishe, akauona upanga wa askari mlangoni, akaufunga.

Siku ileile mpiga mbiu akapita mitaani. Mchanga wote ni wa Sultani. Atakayeuchota, atakayeuchezea, atakayeupiga teke, ameiba mambo yajayo ya dola. Atafungwa, na vyombo vyake vitachukuliwa. Lo, watu walikoma. Mafundi wakaacha kujenga. Kuku wakafungwa miguu wasiparue. Ukitoka kuoga baharini, askari wanakukung'uta nyayo, mchanga unarudishwa ulikotoka.

Sasa sokoni alikuwepo muuza mihogo ya kuchemsha, Bi Mize, mjane mwenye sufuria moja kubwa na mdomo usiojua kupumzika. Sufuria ile ndiyo iliyowalisha yeye na wajukuu zake. Askari wakamkuta kachuchumaa, anaisugua masizi kwa mchanga, kama alivyofanya mama yake na bibi yake. Wakamkamata pamoja na sufuria, wakawapeleka wote wawili barazani.

"Mwanamke, unajua umefanya nini?" akauliza Shekue.

"Nimeosha chombo, Bwana wangu."

"Umesugua masizi kwa mambo yangu ya kesho."

"Ndiyo maana yalikuwa yanakwaruza."

Baraza zima likashikwa na kikohozi. Shekue akakunja uso.

"Mchanga unajua kila litakalotokea. Ulikuambia nini?"

"Haukuniambia kitu. Na kama unajua yote, Bwana, ulijua nakuja na sufuria chafu. Mbona haukukimbia?"

"Mchanga hauna miguu."

"Ila macho unayo?"

"Mfungeni huyu."

Bi Mize aliogopa, tusidanganyane. Akifungwa, sufuria inakwenda, na wajukuu wanalala na njaa. Lakini woga wa mwanamke yule ulikuwa na tabia ya kutokea mdomoni.

"Ahsante, Bwana," akasema. "Gereza lako sakafu yake mchanga mtupu. Nitazilalia siri zako, na asubuhi nitakuwa najua kukushinda."

Shekue akainua mkono, askari wakasita. "Basi mfukuzeni nchini."

"Kwa njia ipi, Bwana? Hadi mpakani ni mchanga tu. Nitaukanyaga wote, nimfikie sultani jirani na mambo yako yamejaa kwenye nyayo."

Shekue akafikiri kidogo. "Abebwe."

"Na hao wabebaji watakanyaga wapi?"

Askari wawili waliokwisha kunja mikono ya kanzu wakaikunjua taratibu. Shekue uso ukamwiva. Akapiga kiti ngumi, akasema, "Basi auawe, tumalize maneno."

Hapo hakuna aliyekohoa. Bi Mize akaikumbatia sufuria yake, na masizi yakampaka kanga yote.

"Haya, Bwana. Mtaniua, halafu mtanizika. Mtanizika wapi kama si mchangani? Nitalala humo na kesho zako zote mpaka Kiyama, nikizisoma moja moja bila haraka. Wewe huku juu utabaki kuuliza uliza."

Shekue akavua kilemba. Akamtazama Maalimu Faki, Maalimu akatazama dari. Akawatazama askari, askari wakatazama vidole vyao vya miguu. Kumfunga haiwezekani, kumfukuza haiwezekani, kumwua ndiyo balaa zaidi. Akashuka kitini, akaja mpaka mbele ya yule muuza mihogo, sauti imemlegea kabisa.

"Basi niambie wewe mwenyewe, bibi. Sasa itakuwaje?"

Bi Mize akampandisha akamshusha kwa macho.

"Mchanga wa nchi nzima unao wewe, Bwana wangu, halafu unaniuliza mimi?"