Darasa la Watu Kumi na Watano

Kijinga kimoja cha moto ukikiacha peke yake mekoni hakipiki chai. Hutoa moshi, kikakuliza, kisha kikazimika. Kisogezee kingine, halafu kingine, uone kama sufuria haitachemka. Ofelia Barragán wa mji wa Almendra, kule California, hakuwa amelisikia fumbo hilo la wahenga. Yeye alilijua kwa magoti yake, yaliyochakaa kwa kusimama.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mwenye viganja vigumu kama magome na ulimi mwepesi kama unyoya. Kwa miaka ishirini alisimama kando ya mkanda wa chuma wa kiwanda cha nyanya akitenga mbovu na nzima. Mkanda ulipokatika, yeye ndiye aliyeuunga kwa waya hadi fundi afike. Fundi alikuwa akifika, anausifu waya, kisha yeye ndiye analipwa. Sifa hizo zilipomchosha, Ofelia alijiunga na chuo cha umma cha mjini akajifunza kuchomelea vyuma. Sasa alibakiza somo moja tu, la mabomba, ili apate cheti, na kiwanda kilikuwa kimemwahidi kwamba akikileta kabla ya msimu wa nyanya, kazi ya ufundi ni yake.

Jumatatu ya juma la usajili alifika chuoni amechelewa, akaegesha gari mahali pa kwanza alipopaona wazi, akaharakisha kwenda karakana. Mwalimu Halvorsen alimvuta kando akamweleza, huku akifuta miwani ambayo tayari ilikuwa safi, kwamba darasa lisilotimiza watu kumi na watano kufikia Ijumaa saa kumi na moja jioni hufutwa. Waliojisajili walikuwa kumi na wawili. Mwenyewe alikuwa anastaafu mwezi wa tano, na baada yake hakuna aliyejua somo lingefundishwa tena lini.

Ofelia alikuwa akingoja mshahara wa Ijumaa ndipo ajisajili. Akijihesabu, walipungua wawili.

"Wawili tu?" akasema. "Mwalimu, mimi nimezaa wanne."

Alipotoka alikuta karatasi imebanwa kwenye kioo cha gari. Almendra ni mji wa makaratasi. Huyu anasafisha mazulia, yule kapoteza paka. Aliichomoa bila kuisoma, akaikunja, akaandika nyuma yake namba moja na namba mbili.

Namba moja alimpata kwenye duka la donati. Gurdev Singh, dereva wa lori mstaafu, alikuwa na trela bovu uani na muda mwingi kuliko kahawa. Alimwambia Ofelia kwamba chuo ni cha wenye fedha, na fedha zake zilikwisha kwa watoto wawili ambao leo ni madaktari na hawapigi simu.

"Mzee, hiki si chuo cha madaktari wako," Ofelia akamjibu. "Hapa mwenye kipato kidogo anasamehewa ada. Dhambi hapana, ada ndiyo. Jaza fomu."

"Na nikifeli je, dada?"

"Utakuwa umefeli bure."

Mzee alicheka, akaomba kalamu.

Namba mbili alikuwa Pakou Xiong, binti wa miaka ishirini na minne, aliyeuza michaichai na mboga pamoja na mama yake katika soko la Alhamisi. Kwa muda mrefu alitamani kuunda mwenyewe fremu za chuma za kitalu chao, ila aliogopa, na Ofelia alipomfuata sokoni alimnong'oneza sababu.

"Mama, wanasema lile darasa limejaa wanaume."

"Limejaa? Mwanangu, lingekuwa limejaa ningekuja kukusumbua sokoni?"

Ijumaa, saa kumi na dakika ishirini, watatu hao walisimama mbele ya dirisha la usajili. Karani Laverne alimwandika Gurdev, wakawa kumi na watatu. Alimwandika Pakou, wakawa kumi na wanne. Ofelia akasukuma kitambulisho chake kama mtu anayeweka turufu mezani. Laverne alikodolea kompyuta macho.

"Ofelia, wewe umezuiwa. Una faini ya maegesho, tangu Jumatatu."

Ofelia aliapa kwamba hajawahi kupewa faini yoyote. Pakou, aliyekuwa ameishika ile orodha, aliigeuza polepole. Upande wa pili, kwa wino mwekundu, iliandikwa kwamba gari lake liliegeshwa mahali pa mkuu wa chuo. Gurdev alicheka hadi kilemba kikaenda upande.

Laverne hakucheka. Faini hulipwa ofisi ya walinzi, mwisho kabisa wa chuo, na ofisi hiyo hufungwa saa kumi na nusu. Ofelia aliyatazama magoti yake, na kwa mara ya kwanza juma lile akakosa mzaha.

"Basi. Nyinyi angalau mmeingia."

"Tumeingia wapi, mama?" Pakou akamuuliza. "Bila wewe hakuna darasa. Lete hiyo faini."

Binti alizinyakua karatasi na fedha, akatoka mbio kama swala. Gurdev alielekea bila kuaga kwenye gari lake, ambalo siku hiyo lilikuja likivuta lile trela bovu la uani. Mlinzi, kama walinzi wote wa Ijumaa, alikuwa ameshafunga mapema na yumo garini. Lakini langoni alikuta trela refu limekingama njia, na mzee mwenye kilemba akimweleza kwa huzuni kubwa jinsi breki zilivyoshika. Mlinzi alipomwona Pakou anakuja akihema, alikata tamaa, akarudi kuandika risiti.

Huku nyuma, Ofelia aligundua kwamba bawaba ya dirisha la Laverne ilikuwa imelegea, jambo baya sana kwa ofisi ya umma. Alitoa bisibisi mkobani akaifungua. Dirisha lisilo na bawaba halifungiki, hata saa kumi na moja ikigonga. Laverne alilijua hilo, akaendelea kupanga kalamu zake.

Zikiwa zimebaki dakika tatu kufika saa hiyo, risiti ilitua mezani. Laverne alibonyeza, akainua macho.

"Kumi na watano. Sasa nirudishie bawaba yangu."

Juma lililofuata mwalimu Halvorsen aliita majina ya Kihispania, ya Kipunjabi, ya Kihmong na mengine yaliyomshinda ulimi, na kila aliyeitwa aliitika. Mwezi wa tano Ofelia alipeleka cheti kiwandani. Mwezi wa saba mkanda ulikatika, wenzake wakamletea waya kwa mazoea. Aliwacheka, akavaa barakoa ya kuchomelea, akauunga. Safari hii akalipwa. Ama kweli, kinga na kinga ndipo moto uwakapo.